Miguu ya Fanueli

Tangu utotoni Fanueli alijua jambo moja kuhusu muziki: miguu ikilala, wimbo unakufa. Kinanda cha kanisa lao pale Mbeya kilikuwa cha mivukuto. Vidole vilichagua sauti, lakini upepo ulitoka miguuni, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka baraka ya mwisho. Mzee Anania aliyemfundisha alisamehe kidole kilichopotea njia. Mguu uliosinzia hakuusamehe.

Mwaka 1958 binamu yake Sedekia alirudi kutoka migodi ya kusini na gramafoni. Katika santuri mojawapo, Mmarekani alipiga piano kama mtu anayetwanga mahindi huku nyumba inaungua. Sedekia alisema hiyo ndiyo rokenroli. Fanueli aliisikiliza mpaka sindano ikachoka, kisha akaenda kuijaribu kwenye kinanda cha kanisa, na Mzee Anania akamkuta. Mzee hakugomba. Alisema nyumba ya Bwana si mahali pake, ila amesikia kwamba Iringa, kwenye ukumbi wa welfea, ule wa ustawi wa jamii, kuna piano na bendi ya dansi inayotafuta mpigaji. Afadhali akaichoshe ile. Asiache kusali, na akishindwa, kinanda kipo.

Fanueli akapanda basi. Piano yenyewe hakuwa ameiona kwa macho yake.

Kiongozi wa bendi, Philbert, Mhehe mwenye tai na masharubu yaliyopangwa vizuri, alimpokea kwa heshima na kumkalisha mbele ya piano. Fanueli akaomba kimoyomoyo, akaanza. Vidole vilikwenda sawa. Lakini miguu nayo ikashika kazi yake, kushoto kulia, sakafu ya mbao ikanguruma, na mpiga gitaa akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Ndugu yangu," Philbert akasema, "hii haitaki upepo. Unampulizia nani moto huko chini?"

Akafungua kifuniko, akamwonyesha nyuzi na vinyundo vinavyozigonga. Fanueli akaelewa, lakini alielewa kwa kichwa tu. Miguu haikuhudhuria somo. Wiki nzima ya mazoezi iliendelea kukanyaga. Mwishowe Philbert akamwambia wazi kwamba Jumamosi kuna dansi la alasiri. Watu wakicheza, kazi ni yake. Wakibaki vitini, basi la Mbeya linaondoka Jumatatu asubuhi.

Siku ilipofika, ili kuiepusha bendi na aibu, Philbert akachukua tai yake ya akiba na kuifunga miguu ya Fanueli kwenye kiti.

Ukumbi ukajaa makarani, walimu, wauguzi na mafundi cherehani. Bendi ikaanza. Fanueli aligusa kila sauti mahali pake, na kila sauti ilitoka imepoa. Bila ile pumzi ya chini, vidole vyake vilitembea kama wageni msibani. Watu wakanywa chai. Wachache waliojaribu kucheza wakarudi kukaa. Fanueli akamwomba Mungu, na wakati huo hakuomba hata kazi. Aliomba tu asije akalia kabla wimbo haujaisha.

Jikoni alikuwamo Mama Apolonia, mpishi wa chai na maandazi wa welfea. Wiki nzima alikuwa amekanda unga kwa kufuata ngurumo za mazoezi. Sasa akatoka, mikono myeupe kwa unga, akakatiza katikati ya ukumbi hadi kwenye bendi.

"Philbert mwanangu, mbona mmeizima ile ngoma ya chini?"

Philbert akanong'ona kuwa haikuwa ngoma, ilikuwa kasoro ya mpigaji.

"Kasoro? Maandazi yangu yameumuka wiki nzima kwa kasoro hiyo." Akainama kuchungulia. "Na huyu umemfunga kama mbuzi wa mnadani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Apolonia akaivuta tai ikaachia, imejaa unga. Kabla Fanueli hajaamua lolote, miguu ilikwisha kuanza. Mbao zikanguruma, vikombe vikatetemeka mezani, na vidole vikaamka vikakimbilia mahali ambapo yule Mmarekani wa santuri alikuwa akivingoja. Muuguzi mmoja akasimama, akamvuta karani wake. Punde hapakuwa na kiti chenye mtu. Philbert akafungua kishikizo cha shingo, akaanza kuimba.

Jumatatu basi la Mbeya liliondoka bila Fanueli.

Bendi ilizunguka Sao Hill, Njombe, Malangali hadi Tukuyu, piano imefungwa kamba juu ya lori, na pembeni yake mbao kadhaa, maana kumbi nyingine zilikuwa na sakafu ya saruji. Matangazo yalisomeka: Fanueli na Miguu Yake. Viatu vyake fundi aliviwekea soli mpaka akakataa.

Walipofika Mbeya, Jumapili asubuhi Fanueli alikwenda kanisani, akapiga kinanda ibada nzima. Baadaye Mzee Anania akamsogelea.

"Kweli hiyo piano yenu haitaki upepo?"

"Haitaki, mzee."

"Sasa ukikanyaga, unapuliza nini?"

"Watu, mzee. Napuliza watu."

Mzee Anania akacheka mpaka akashika benchi. Kisha akamwonyesha mvukuto wa kushoto, ambao panya walikuwa wameutoboa, na Fanueli akavua koti.