Cherahani ya Abbasi

Kwa miaka kumi na mmoja nilishona kwenye baraza la duka la Abbasi, pale Kibondo, kwa cherahani ya Abbasi. Kila jioni nilichomoa sindano na bobini nikaondoka navyo mfukoni, kama tulivyofanya mafundi wote wa barazani, ili mtu asikalie kiti chetu akajiita fundi. Abbasi akitaka kunichokoza alinikumbusha kuwa mashine ni yake. Namjibu, "Bila mimi hicho ni chuma cha kulalia kuku." Tunacheka. Lakini niliyaamini maneno yangu, mjinga mimi.

Mwaka ule wa kuhamishiwa vijijini, mke wangu Josephina alikuwa wodini wiki ya tatu, amepasuliwa tumbo. Kila mchana nilimpelekea uji, nikamwinua na kumnywesha mwenyewe, maana mjini hatukuwa na ndugu. Asubuhi moja lori likasimama mbele ya duka. Bwana wa operesheni ile ya vijiji akatangaza kwamba asiye na zana zake za kazi apande, akalime kijijini.

Nilimwonyesha mikono yangu. Nikamwonyesha sindano na bobini. Akauliza, "Cherahani ya nani?"

Abbasi alikuwa anatoka jasho. Siku zile mwenye mali anayemtumikisha mwenzake aliitwa mnyonyaji, na hakuna aliyetaka kuitwa hivyo mbele ya lori.

"Yangu," nikasema.

"Ya kwake, bwana," Abbasi akadakia. "Mimi nampa kivuli tu."

Nikashusha pumzi. Yule bwana akaandika, akafunga daftari. "Vizuri sana. Kijiji kipya kule mbele ya Gwarama hakina fundi. Pakieni cherahani, na mwenyewe apande."

"Nimedanganya, bwana mkubwa! Si yangu! Mke wangu yuko hospitali!"

"Basi huna zana," akasema bila hasira. "Panda vilevile."

Nikamshika Abbasi kanzu. "Ndugu yangu, Josephina mpelekee uji, nakuomba."

Akamtazama bwana wa operesheni kwanza. "Mambo ya nyumbani kwake mimi siyajui," akasema. Mtu niliyekula kwake kila Idi.

Tulipita lango la hospitali saa sita, akina mama wakiingia na masufuria. Niligonga bati la chumba cha dereva mpaka ngumi zikachubuka. Hakusimama. Cherahani ilikuwa imefungwa kamba ubavuni mwangu, yangu kwa maandishi ya serikali, na Josephina hakuwa na mtu wa kumwinua anywe.