Mkono wa Shemeji

Kila asubuhi mtunzaji wa tumbili alifagia vizimba, akabadilisha maji, kisha akakata ndizi vipande vidogo. Tumbili anapitisha mkono kwenye nondo, anatulia, sindano inaingia, ndizi inafuata. Hakuna kukamatana wala kubanana. Wageni waliotembezwa maabara waliambiwa huo ndio utunzaji wa kisasa, nao wakapiga picha.

Mwepesi wa kutoa mkono kuliko wote alikuwa dume mmoja mwenye ndevu nyeupe. Mtunzaji alimwita Shemeji, kwa sababu kila wakionana alitaka apewe kitu. Daktari mkuu aliahidi kwamba utafiti ukiisha, Shemeji atapelekwa kwenye hifadhi yenye miti. Mtunzaji hakuwa na kifua cha siri. Siku hiyohiyo alimwambia Shemeji mwenyewe.

Utafiti ulipoisha, daktari alikuja na sindano kubwa kidogo kuliko zile za kila siku. Alimwomba mtunzaji ndiye amwite Shemeji, maana kwake hasumbui. Mtunzaji alidhani ni chanjo ya safari, akamwita. Shemeji alitoa mkono, akapewa ndizi, akafa bado anatafuna.

"Ulisema anaenda hifadhini," mtunzaji alisema.

"Nilisema tutaangalia," daktari akajibu, akivua glavu.

Jioni, mtunzaji akimenya viazi nyumbani, mkono wa Shemeji ulitokeza ukutani juu kidogo ya jiko, kiganja wazi. Mumewe alisogeza chupa ya mafuta ili Shemeji, ndugu yake, asije akajimwagia. Mama mkwe aliushika, akausalimia, akauliza kama utalala hapo kwao. Ulilala. Baada ya siku chache watoto walikuwa wanainama kuupita bila hata kuacha kugombana. Mtunzaji peke yake hakuweza kuutazama. Alikuwa amedanganywa, naye akadanganya, na hakujua lipi linamuuma zaidi.

Habari zilifika kazini. Daktari aliuliza tu kama mshipa unaonekana. Kuna kipimo kimoja walikisahau, alisema, akampa sindano na kichupa. Mtunzaji alitaka kukataa, akajikuta ameshapokea. Njiani alipita sokoni na makusudi hakununua ndizi. Tumbili asiyeona ndizi hatoi mkono. Hilo alilijua, na ndilo alilolitegemea.

Alisimama mbele ya ukuta, familia ikiwa mezani nyuma yake.

"Urudishe, Shemeji," alinong'ona. "Safari hii urudishe. Tafadhali."

Mkono ulisikia sauti yake, ukajinyoosha zaidi, ukatulia. Mshipa ulionekana vizuri. Aliingiza sindano huku analia, na damu iliyotoka ilikuwa ya moto. Alipomaliza, kiganja kilifunguka kungoja. Mama mkwe alimwambia aje ale, chakula kinapoa.

Asubuhi alikabidhi kichupa. Daktari alikitazama kwenye mwanga, akasema kazi safi, kisha akamwonyesha tumbili wachanga walioletwa usiku. Walikuwa wamejibana pembeni mwa kizimba, wanamwogopa kila mtu.

Mtunzaji alikata ndizi, akachuchumaa, akaanza kuwabembeleza watoe mkono.