Mkono wa Kushoto wa Nadhira

Tangu waingie kwa kina Nadhira hapo Msambweni, Mwanaima alikuwa akimtazama tu wifi yake Twaiba, mchoraji wa piko. Nadhira alikuwa bi harusi wake wa tatu katika siku tatu, na Twaiba hakuwa amepata lepe la usingizi. Shavu moja limetuna kwa muguka, majani ya kufukuza usingizi, na chingamu ya kuua uchungu wake, na sahani ya pilau aliyokaribishwa imepoa pale pale mkekani.

"Wifi, kula basi."

"Sina njaa. Nikila, macho yanafunga. We koroga piko."

Mkono wa kulia wa bi harusi ulitoka mzuri kweli kwa ile rangi nyeusi, ua na jani, ua na jani, mpaka kiwikoni. Wa kushoto ulianza vivyo hivyo. Kisha Twaiba akatia nukta katikati ya ua. Akatia nyingine ubavuni mwake. Akazizungushia nukta, na hizo nazo akazizungushia nukta, taya zikienda mbio kuliko kijiti cha kuchorea.

"Dada Twaiba," Nadhira akajitia kucheka, "wanichora maua ama wanipaka lami?"

Kijiti hakikusimama. Uani mama yake alisikika akiwahimiza wapishi. Akiingia akauona mkono ule, Twaiba hataitwa tena harusini, hapo wala Ukunda.

Mwanaima akamshika Twaiba kifundo cha mkono. Mshipa ulikuwa ukidunda mbio mbio.

"Wadhani sioni?" Twaiba akanong'ona, machozi yakimlenga. "Naona umejaa. Nauambia mkono wangu uache, hausikii. Hii moja tu, kisha hii moja..."

"Tema, wifi."

Akatema kiganjani mwa Mwanaima, kama mtoto. Ndipo mama akaingia.

"Shikamoo, mama," Mwanaima akasema, ngumi kaifumba.

"Marahaba. Mtindo gani huu?"

"Wangu," Nadhira akadakia. "Nimeutaka mwenyewe."

Mama akamtazama mwanawe, akamtazama Twaiba anavyotetemeka, kisha ile ngumi.

"Basi na wa kulia ufanane," akasema taratibu. "Na huyo mlazeni kwanza."

Twaiba akalala mkekani, lakini kidole chake kikaendelea kudonoa ukili wa mkeka, nukta, nukta. Mwanaima akatandaza kiganja cha kushoto chini ya kidole hicho. Kwa mkono wa kulia akachovya kijiti, akaanza kulijaza nukta ua la kwanza la mkono wa kulia wa Nadhira.