Moja, Mbili

...eti mashine ya rekodi za wagonjwa imezeeka, loo, imezeeka nini, walioipanga ndio walioivuruga, na mkuu wa idara anasema, "Weka sahihi tu kwenye ripoti, dada, mashine ni mbovu, tuletewe nyingine mwakani, mpaka hapo hakuna kugusa kitu," na yeye, fundi wa programu za hospitali, kalamu mkononi, anaitazama nafasi ya jina lake, jina lake yeye, si la mkuu, sekunde thelathini na nane kufungua rekodi ya mgonjwa mmoja, amezihesabu mwenyewe, wiki tatu kaketi kando ya muuguzi wa dharura na daftari la hesabu, akiandika kinachofunguliwa na kinachofuata, mgonjwa, kundi la damu, dawa zinazomdhuru, mgonjwa, damu, dawa, kutwa hivyo hivyo, wenzake wakimcheka, fundi mzima kageuka karani... "na mkataba wako unaisha mwezi huu, unanisikia?"... nakusikia, mkuu, nakusikia sana, kumbe hifadhidata, ghala la rekodi zote ndani ya mashine, imeweka wagonjwa wote huku, damu zote kule, dawa zote mwisho wa dunia, sawa na mtu kuweka masufuria chumbani na vifuniko vyote kwa jirani, mama angecheka mpaka akae chini, mama ambaye chumvi yake ilikaa pale mkono unapofika, na yeye kafanya hilo hilo, vinavyofunguliwa pamoja vikae pamoja, ukimgusa mgonjwa, damu na dawa zije kabla hujaziita, na jana kwenye nakala ya majaribio, sekunde mbili, mbili! muuguzi akashika mdomo, "Mwanangu, yule baba wa Jumatatu..." yule baba waliyemchoma dawa inayomdhuru huku rekodi yake ikizunguka tu kwenye kioo cha kompyuta bila kufunguka, yuko wodini, hajaamka, na mashine mpya, we mkuu, itabeba fujo ile ile, mkataba uishe basi, uishe, atapika maandazi, lakini jina lake halikai chini ya uongo huu... "Sahihi, dada," mkuu anagonga meza kwa kidole, kalamu bado iko hewani, nafasi bado tupu, anaishusha mezani, hasaini, leo wala kesho, anahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, basi, muda huo tu, na yule baba angekuwa kwake sasa hivi.