Kazi Namba 412

Saa mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, printa ya ofisi yetu ya Garsen ilitoa karatasi moja yenye jina la Philemon. "Kazi 412. Redio ya kijiji cha Hewani. Fundi: Philemon. Haijafungwa." Philemon tulikuwa tumemzika kijijini kwake Kulesa juzi yake, Jumamosi. Tulikuwa watu watatu ofisini, na hakuna aliyeinuka kwenda kuichukua.

Ni mimi niliyeifundisha mashine kutoa karatasi hiyo. Naandika jinsi ilivyokuwa kabla sijaanza kusahau, au kujitetea.

Ilikuwa Novemba 1997, mvua ya El Niño. Mto Tana ulikuwa umevunja kingo na barabara zilikuwa chini ya maji. Shirika la misaada lililotuajiri lilikuwa limeweka redio za mawasiliano katika vijiji kumi na vinne, ili ugonjwa au njaa ikiingia tujue. Kila siku saa moja asubuhi niliita vijiji kimoja kimoja, na kila kimoja kilijibu. Kisichojibu, fundi alikwenda kukitazama kwa mashua. Fundi alikuwa mmoja tu, Philemon, mtu wa Kulesa kama mimi. Hatukuwa tumbo moja, lakini aliniita dada na mkewe Sidi, aliyeishi naye Garsen, nilimwita wifi.

Mwanzoni niliandika kila kitu kwenye daftari. Kijiji kikinyamaza, niliuliza jirani yake: "Kulesa, Hewani wana nini?" Kulesa walikuwa na habari siku zote. Betri imekwisha, mbuzi amekata waya, mwenye redio amekwenda shambani kuokoa ndizi. Mara nyingi hapakuwa na haja ya fundi.

Mwezi wa Oktoba makao makuu ya Nairobi walituletea kompyuta na programu katika disketi sita. Kila ubovu uliingizwa humo kama kazi yenye namba, kuanzia 401, na kila kazi ungeweza kuiunganisha na hatua zinazojiendesha zenyewe. Nilikaa na kitabu chake siku nne. Niliunganisha hivi: kijiji kisipojibu asubuhi mbili mfululizo, kazi inafunguka yenyewe; kazi ikifunguka, karatasi ya mashua na ya fundi zinatoka; kazi isipofungwa kwa siku moja, karatasi ya kumkumbusha fundi inatoka kila asubuhi saa mbili mpaka ifungwe. Ilifanya kazi vizuri. Bwana Mukhtar, mkuu wetu, aliwaita watu wa ofisi ya jirani waje waone.

Kumuuliza jirani sikukuweka humo. Haikuwa hatua iliyoandikwa popote. Ilikuwa mazoea yangu tu.

Philemon alicheka alipoona karatasi ya kwanza. "Kwa hiyo sasa natumwa na sanduku," alisema. "Hata mama yangu hakuwahi kunituma bila kunisalimia."

"Litakusalimia ukimaliza kazi kwa wakati," nilimwambia.

"Lifundishe kwanza kupika chai, dada."

Hewani walinyamaza Jumanne. Jumatano wakanyamaza tena. Niliandika "haijajibu" katika kisanduku cha kompyuta, na kabla sijaita kijiji kilichofuata printa ilikuwa imeanza kulia. Philemon alichukua karatasi, akafunga mkoba wa vifaa kifuani kwa mkanda ili usianguke majini, akaweka betri mpya miguuni, wakaondoka na Guracha, mwendesha mashua. Alinipungia mkono wenye karatasi.

Mtoni, juu kidogo ya Kulesa, mashua iligonga mti uliokuwa umezama, ikapinduka. Guracha alishika tawi. Philemon alivutwa chini na ule mkoba. Walimpata kesho yake.

Mazishini bwana Mukhtar alisema maneno machache, na nadhani aliyasema kwa moyo. Alimwambia Sidi mbele ya watu kwamba mumewe amekufa akiwatafutia watu wa Hewani sauti, maana bila redio wangekufa na dunia isijue. Sidi aliinamisha kichwa. Nilisikia wanawake nyuma yangu wakiyarudia maneno hayo kwa Kipokomo, taratibu, kama mtu anayepitisha maji kwa mwenzake.

Ofisi ilikuwa imefungwa tangu ajali. Jumatatu saa moja niliwasha redio na kuita vijiji. Nilipofika Hewani nililitaja jina kwa mazoea tu, nikainua kalamu kuandika.

"Hewani tupo," sauti ilijibu, safi kama ya mtu aliye mlangoni. Alikuwa Hudson, mwenye redio. "Poleni sana kwa msiba, dada Lydia. Ova."

Niliiweka kalamu chini. Kisha nikamuuliza redio imepona lini.

"Haikuugua. Mjomba wangu alifariki Jumatatu iliyopita. Makaburi yalikuwa na maji, tukangoja mpaka jana ndiyo tukazika. Kwetu maiti akiwa bado nyumbani redio haifunguliwi."

"Hudson, mwiko huo ni wa redio za nyimbo."

"Redio ni redio, dada. Wazee wangeniuliza." Kisha akaongeza: "Tulidhani Philemon alikuwa anakuja kutupa pole."

Hapo mwenye redio wa Kulesa akaingia bila kuitwa. "Sisi tulijua habari za msiba huo tangu siku ile ile," alisema. "Zamani ulikuwa unatuuliza."

Saa mbili printa ikaanza.

Bwana Mukhtar alisikiliza yote niliyomweleza, mikono juu ya meza. Aliichukua ile karatasi mwenyewe, akaikunja.

"Ifunge kazi," alisema. "Andika redio imerekebishwa."

"Haikuharibika."

"Ndiyo, lakini ukiandika hivyo, Nairobi watauliza nani aliunganisha hizo hatua."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Na yule mjane je, Lydia? Nimemwambia mumewe alikufa kwa ajili ya watu. Utakwenda kumwambia alikufa kwa ajili ya nini?"

Sikuifunga kazi siku ile, wala kesho yake. Asubuhi tatu zilizofuata printa ilimwita Philemon, na asubuhi tatu niliichukua karatasi na kuitia kwenye droo. Programu ilinipa njia tatu za kufunga: imerekebishwa, imebadilishwa, sababu nyingine. Mbele ya sababu nyingine palikuwa na nafasi ya mstari mmoja.

Alhamisi nilikwenda Kulesa matangani. Sidi alikuwa ameketi kwenye mkeka, akichambua mchele ambao ulikuwa umechambuliwa tayari. Nilikaa kando yake nikashika upande wa pili wa ungo.

"Wifi," aliniuliza, "ile redio ilikuwa na nini?"

Nilikuwa nimejua kwamba ataniuliza. Ningeweza kusema betri.

"Haikuwa na kitu," nilisema. "Ilikuwa nzima. Walikuwa wameizima kwa sababu ya msiba. Mashine ikahesabu kimya chao kuwa ubovu, ikamtuma. Na mashine niliifundisha mimi. Zamani ningewauliza nyinyi hapa Kulesa. Safari hii sikuuliza."

Mikono yake ilisimama. Wanawake waliokuwa karibu walisikia, wakageuka. Nilingoja aniambie niondoke.

"Nani alikufa huko?"

"Mjomba wake Hudson."

"Yule mzee wa mitumbwi." Alitikisa ungo mara moja. "Philemon angekwenda. Angesikia, angekwenda hata kwa kuogelea." Kisha machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta. "Lakini angeniaga kwamba anakwenda msibani. Angevaa shati lile jingine. Umeninyima hilo, wifi."

"Ndiyo."

"Andika hivyo. Wasije wakaniletea siku moja karatasi inayosema redio ilikuwa mbovu."

Hakuniambia niondoke. Hakusema amenisamehe pia, na mpaka leo hajasema. Tulimaliza mchele.

Ijumaa, kabla ya saa mbili, nilichagua sababu nyingine na nikaandika kwenye ule mstari: "Redio ilikuwa nzima. Kijiji kilikuwa na msiba. Lydia hakuuliza." Bwana Mukhtar alisoma akiwa amesimama nyuma yangu. Kisha akasema, "Tuma." Saa mbili ikapita bila printa kulia. Nairobi waliuliza kama alivyosema. Nikajibu, na wakaniacha pale nilipo, kwa sababu gani sijui.

Niliivunja ile mifuatano yote nikaiunganisha upya. Sasa kijiji kikinyamaza, kazi haifunguki mpaka jina la jirani aliyeulizwa liandikwe, na maneno aliyoyajibu. Inachukua muda, na makao makuu wamelalamika.

Hudson naye amebadilika. Mtu akifa Hewani, anafungua redio asubuhi, anasema neno moja, "Msiba," kisha anaizima. Nimeliwekea neno hilo kisanduku chake, na kisanduku hicho sikukiunganisha na chochote.