Mfuko wa Kushoto

Tumbili yule tulimtoa baa, shingo imechubuliwa na mnyororo, amezoeshwa kunywa bia ili wateja wacheke. Miezi minane nilimlea bila kumgusa. Ndivyo kazi ya kituo chetu cha kuokoa wanyama ilivyo: ukitaka kumrudisha mnyama porini, kwanza umfundishe kumwogopa binadamu. Kila asubuhi nilivaa kinyago cha gunia, nikamwekea chakula, kisha nikagonga debe mpaka akimbilie juu. Alipougua nilitamani kumpakata. Niligonga debe, nikalia humo humo ndani ya gunia.

Kaka yangu alikuwa mlinzi wa zamu ya mchana hapo kituoni. Kazi nilimwombea mimi, na sheria nilimfundisha mwenyewe. Aliapa kwa kaburi la mama kwamba hatamsogelea.

Siku ya mtihani, daktari wa wanyama aliingia bandani bila kinyago, akasimama kimya. Tumbili akimkimbia, wiki ijayo anaachiwa msituni na wenzake. Akimjia, atabaki bandani maisha yake yote, maana huko nje atajipeleka kwa wawindaji kwa miguu yake mwenyewe.

Alishuka. Akapanda begani kwa daktari, akafungua kifungo cha mfuko wa kushoto wa shati, akatia mkono ndani.

Sikuhitaji kuuliza ni nani aliyemzoesha. Kaka huweka biskuti mfuko wa kushoto na kuufunga kifungo, tangu tukiwa watoto, kwa sababu nilikuwa namwibia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nachungulia nje ya ua.

Nilimkuta getini, makombo ya biskuti yamemganda ndevuni, na bado alianza kukana. Kisha akachoka.

"Nilimwonea huruma, mdogo wangu. Wewe ulimnyima hata jina. Mimi namwita Kipusa."

"Huruma yako imemfungia maisha," nilimwambia. "Na mimi umeniua."

Adui angeniumiza kidogo. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni.

Jioni daktari alisema kwamba, kwa kuwa tumbili haondoki tena, sasa naruhusiwa kumgusa. Nilivua gunia, nikaingia, nikamwita Kipusa kwa sauti ya chini, nikanyoosha mkono. Alizijua hatua zangu. Alikimbilia juu kabisa ya banda, akanikenulia meno.

Mkono ulikuwa bado hewani kaka alipopita nje ya wavu. Tumbili alishuka mbio, akamfuata kwa upande wa ndani.