Kiti cha Mbele Hakipigiwi Magoti

Jana usiku niliota kiti cha mbele cha gari langu kimepewa uchifu.

Sikushangaa. Nilisema moyoni, hatimaye! Hapa Njombe mwezi wa Juni baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na mtaani kwetu gari lenye viti vinavyojipasha moto ni langu peke yangu. Limetoka Japani, vitufe vyake vyote vimeandikwa Kijapani, na sijawahi kumwomba mtu anisomee. Mwenye gari anasomewaje gari lake?

Kiti kimekaa katikati ya uwanja wa kanisa. Kimevaa nailoni yake ya kiwandani, ambayo sijaibandua mpaka leo. Juu ya nailoni kuna mto, na juu ya mto kitambaa cheupe alichokifuma mama kwa mkono wake. Watu wamepanga foleni kukiamkia. Kila anayekiwekea goti juu yake, ndani kinalia: tik.

"Nini hicho kinacholia?" nauliza.

"Nyaya," kinajibu kwa sauti nzito ya kichifu. "Ndani yangu kuna nyaya za joto. Sipigiwi magoti, zinakatika na kugusana. Hata wewe ulinipigia goti Jumapili, ulipokuwa unamfunga mama mkanda."

"Nilikuwa nampa mama heshima."

"Heshima imefika. Tangu siku hiyo sijui tena kuzimika."

Nakipa hongera. Uwanja unakuwa barabara ya Mafinga. Naendesha, mama yuko mbele, tunakwenda kwenye harusi ya mjukuu wake, ileile ya leo. Kavaa kitenge kipya, shingo kainyoosha, anaipungia mkono hata mipaini.

Mama ana sukari. Ugonjwa umemla hisia za miguu mpaka mapajani. Mwaka jana alishinda na msumari ndani ya kiatu, akaja kuujua jioni alipoona damu.

Tunasimamishwa na mtungi wa kuzimia moto. Umevaa sare nyeupe za trafiki, kofia imekaa sawasawa.

"Shikamoo, mama. Dereva, mtungi wako uko wapi?"

"Si ndiyo wewe, afande?"

Unajitazama. "Kumbe. Nimejaa?"

"Una stika."

"Stika ninayo," unasema kwa fahari. "Dawa sijawekewa tangu nizaliwe." Kisha unanusa dirishani. "Humu kuna nyama inaiva."

"Hiyo ni nailoni," kinasema kiti. "Nyama bado kidogo."

Namgeukia mama. Moshi mwembamba unamtoka chini ya kitenge, kama amekalia chetezo cha ubani.

"Mama, inuka, unaungua!"

"Naungua wapi? Mbona sisikii kitu? Gari la mwanangu halina kasoro." Anaugeukia mtungi. "Afande, huyu ndiye Enea wangu. Gari hili kalitafuta mwenyewe, hakushikwa mkono na mtu."

Mungu anisamehe, najivuna. Katikati ya moshi ule, kifua kinanijaa.

Nabonyeza kitufe. Kinanijibu Kijapani, na kile kitambaa cha mama kinatafsiri: "Kinasema kilishazima zamani, kiti ndicho hakikisikii." Kisha kinaongeza ya kwake: "Nami nimelikalia joto lisitoke. Kiti cha namna hii hakifunikwi, lakini wenyewe mlitaka kipendeze."

"Chifu," naomba, "zimika. Huyu ni mama yangu, sina mwingine."

"Anayeungua hupiga kelele," kinasema kiti. "Huyu anakusifu. Mimi nitajuaje kwamba nimemzidishia?"

Nafungua mkanda, namvuta mama kwa mikono miwili. "Njoo ukae nyuma!"

"Nyuma? Mimi?" Anang'ang'ania mlango. "Nyuma wanakaa kuku! Nifike Mafinga watu wanione nashuka nyuma, kama mwanangu hana adabu?"

Navuta. Havutiki. Navuta tena, nalia, na moshi umeshamfika kiunoni. Naye bado anawapungia watu.

Nikazinduka nimelikumbatia godoro. Kumekucha. Nikajicheka, mtu mzima kulia kwa ajili ya kiti! Hata hivyo nikachukua ufunguo nikatoka nje.

Gari nililizima jana jioni kwa mkono wangu. Sakitu ilikuwa imeganda kwenye vioo vyote, nyeupe pe, isipokuwa kioo cha dirisha la mbele kushoto. Hicho kilikuwa kikavu.

Nikafungua mlango, nikaingiza kiganja chini ya mto. Nikakitoa upesi, nikapuliza vidole.

Mama alikuwa ameshatoka, kitenge kipya mwilini, anakuja kushika mlango wake. Majirani walikuwa uani wanamtazama, na yeye alijua wanamtazama.

"Mama, leo tunapanda basi."

"Basi! Na gari?"

"Gari bovu," nikasema. Neno hilo halikuwahi kunitoka kinywani, nami nililisema kwa sauti, wakasikia wote. "Litakuunguza, nawe hutasikia."

Mama alikitazama kiganja changu, kilivyoiva. Akakishika, akakipuliza kama nilipokuwa mtoto. Kisha akajifunga kitenge vizuri, akainyoosha shingo, akatangulia kwenda stendi.

"Haya," akasema bila kugeuka. "Lakini hata huko nakaa mbele."